Nguzo na Upatu: Umbo la Mkusanyiko na Nafasi ya Mwanamke Mwandishi Handeni na Korogwe

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo kati ya umbo la mkusanyiko wa wanawake na aina ya matini inayozaliwa ndani yake, kwa kurejelea wilaya za Handeni na Korogwe mkoani Tanga. Hoja kuu ni kwamba juhudi za kuwakusanya wanawake waandishi huelekea kuazima umbo la semina na kuliacha umbo ambalo sanaa ya wanawake wa maeneo hayo imelitumia kwa muda mrefu. Hoja hiyo inajengwa kwa kusoma pamoja Habari za Wakilindi, nyimbo za kisazi, simulizi za Wazigua wa Mto Juba, tamthiliya ya Nguzo Mama na kazi ya Siti binti Saad. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza upatu kuwa mfano wa uratibu: mkusanyiko wa zamu, wenye idadi inayojulikana, ambamo kila mshiriki ana siku yake ya kupokea na ana mamlaka juu ya kile anachokitoa.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu uchache wa wanawake katika fasihi andishi ya Kiswahili umezoea kuuliza maswali mawili: ni wangapi waliochapishwa, na kwa nini si wengi zaidi. Majibu nayo yamezoeleka. Hutajwa elimu, ndoa za mapema, mzigo wa kazi za nyumbani, uhaba wa wachapishaji na mfumodume. Majibu hayo yana ukweli, lakini yote huishia katika tiba moja, nayo ni kuitisha warsha. Wanawake wanaitwa mjini, wanaandikishwa, wanafundishwa vipengele vya fani na maudhui kwa siku chache, kisha wanarudi walikotoka. Iwapo hakuna mswada unaofuata, lawama huwarudia wenyewe kwamba hawakuwa na bidii.

Swali ambalo halijapewa uzito wa kutosha ni la umbo. Mkusanyiko si chombo kitupu cha kubebea maarifa. Una mlango, una wenye haki ya kuingia, una mpangilio wa kukaa, una anayeanza kusema na anayefunga, una saa zake na msimu wake. Mambo hayo yote huacha alama katika matini. Utenzi uliotungwa ili usomwe barazani haufanani na wimbo uliotungwa ili ujibiwe na waliozunguka ngoma, hata kama mada ni moja.

Handeni na Korogwe zinafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu mbili. Kwanza, ni eneo ambamo Kizigua, Kisambaa na Kibondei vinaishi pamoja na Kiswahili, na ambamo mashamba ya mkonge na njia ya reli ya Tanga vilikusanya watu wa asili nyingi. Pili, ni eneo lenye historia ndefu ya maandishi, tofauti na dhana kwamba fasihi andishi ni mali ya visiwani na miji ya pwani pekee. Makala haya hayatathmini kikundi chochote mahususi. Yanasoma matini, kisha yanauliza matini hizo zinamfundisha nini anayetaka kuwakusanya wanawake waandishi wa huko.

2.0 Ukumbi wa Wanaume na Nathari ya Awali

Mojawapo ya kazi kubwa za mwanzo za nathari ya Kiswahili zilizotoka nje ya miji ya mwambao inahusu eneo hili. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy aliandika Habari za Wakilindi, tarehe ya nasaba iliyotawala Usambaa, na kazi hiyo ikaanza kupigwa chapa katika misheni ya Magila, karibu na Muheza, katika miaka ya 1890. Kisa chake kinamfuata Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu na kuishia kuwa mtawala milimani Usambaa. Milima ya Ngulu iko katika sehemu iliyokuwa Handeni kabla ya kuundwa kwa Wilaya ya Kilindi mwaka 2002, na Korogwe iko chini ya milima ya Usambara. Kwa hiyo safari ya Mbegha ni safari ya kutoka upande mmoja wa eneo hili hadi mwingine.

Wahakiki wameisoma kazi hiyo kama chemchemi ya historia na kama ushahidi wa ukomavu wa nathari ya Kiswahili kabla ya riwaya. Hapa inasomwa kwa swali jingine: ni mkusanyiko gani ulioizaa? Mwandishi ni mmoja, lakini habari alizozipanga ni za ukumbini: nasaba, mashauri, ugomvi wa warithi, mapatano na vita. Ni maneno ya watu waliokuwa na haki ya kuketi mahali ambapo habari za utawala zilisemwa. Maneno hayo yalipata kalamu, kisha yakapata mtambo wa chapa, kisha yakapata wasomaji. Ngazi zote tatu zilikuwa wazi kwa wanaume.

Hata hivyo, kisa chenyewe kinasimama juu ya maarifa ya wanawake. Mbegha ni kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na ukigego huo ndio unaoanzisha matatizo yake nyumbani. Wanaoona meno ya mtoto kabla ya watu wengine ni mama na wanawake wanaomsaidia kulea. Wao ndio wanaoamua kusema au kunyamaza, na uamuzi huo ni wa uhai na kifo. Matini yote ya utawala wa Wakilindi yangekosa mwanzo endapo jambo hilo la chumba cha uzazi lisingejulikana. Lakini chumba hicho hakizungumzi katika kitabu. Kinatajwa matokeo yake, basi. Usomaji huu haulengi kumlaumu mwandishi wa karne ya 19. Unaonyesha kwamba tofauti kati ya walioandika na wasioandika haikuwa ya kipaji, ilikuwa ya uratibu. Upande mmoja ulikuwa na ukumbi uliounganishwa na karatasi. Upande wa pili ulikuwa na ukumbi pia, lakini haukuunganishwa.

3.0 Kisazi, Mviko na Mlango Uliofungwa

Ukumbi wa pili unajulikana. Elisabeth Grohs, katika kitabu chake Kisazi cha mwaka 1980, alichunguza mafunzo ya wasichana wa Kizigua na Kingulu wanapovunja ungo. Kabla yake, Hans Cory alikuwa ameeleza mwaka 1956 matumizi ya vinyago vya udongo katika mafunzo ya jando na unyago nchini Tanganyika. Sifa inayojitokeza ni kwamba wimbo, umbo la udongo na maelezo ya kungwi vinakwenda pamoja. Mwari haonyeshwi kitu kisha akaachwa. Anaonyeshwa, anaimbiwa, anatakiwa kufumbua, na fumbo lake linasahihishwa na anayejua.

Kwa istilahi za taaluma, kungwi ni mtunzi, mwigizaji, mwalimu na mhakiki kwa wakati mmoja. Fasihi andishi imezitenganisha kazi hizo na kuwapa watu mbalimbali: mwandishi, mhariri, mwalimu wa darasa, msomi wa chuo. Katika kisazi, kazi hizo zimo ndani ya mduara mmoja na zinafanyika mbele ya wenye uzoefu, ambao wana haki ya kusema kwamba neno fulani limekosewa. Anayedai kwamba wanawake wa Handeni wanahitaji kwanza kufundishwa kuhakiki kazi za wenzao ndipo waandike hajatazama walikotoka.

Ushahidi wa nguvu ya umbo hili unapatikana mbali na Handeni, kisha unarejea Handeni. Katika karne ya 19 Wazigua waliuzwa utumwani katika pwani ya Somalia. Simulizi zao zinamtaja mwanamke, Wanankhucha, mwaguzi aliyewaongoza katika kutoroka kuelekea Mto Juba. Huko walikaa kwa vizazi kadhaa na kukihifadhi Kizigua. Francesca Declich (1995) ameonyesha kwamba wanaume na wanawake wa jamii hiyo hawaisimulii historia yao kwa namna moja, na kwamba upande wa wanawake unashikamana na mviko, ngoma na ibada zinazorithiwa kwa upande wa mama. Baada ya dola ya Somalia kuvunjika mwaka 1991, baadhi ya wazao wao walikuja Tanzania kama wakimbizi. Walipokelewa Handeni, kwanza kambini Mkuyu na baadaye katika makazi ya Chogo, na wengi wao wakapewa uraia.

Katika historia hii kuna somo la kifasihi. Lugha iliyosafirishwa bila vitabu, bila shule na bila serikali ilidumu zaidi ya karne moja na nusu, na sehemu ya uhai wake iliwekwa katika mikusanyiko ya wanawake. Ikiwa umbo hilo liliweza kuvusha kumbukumbu kutoka Handeni hadi Juba na kuirudisha, si haki kuliona kuwa ni masalia yanayosubiri kuondolewa na warsha.

Lakini umbo hilo lina mlango, na mlango huo umefungwa kwa makusudi. Nyimbo za kisazi si za kila sikio. Hapa ndipo uratibu unapokutana na suala zito la maadili. Matokeo ya utafiti wa Grohs yalichapishwa Berlin kwa Kijerumani, kama ilivyo kawaida ya taaluma ya mahali alipokuwa. Matokeo yake ni kwamba maneno yaliyofungiwa wasichana wa Handeni yanaweza kusomwa na mwanamume wa Ulaya, lakini hayasomeki kwa urahisi na mjukuu wa aliyeyaimba. Anayeitisha mkusanyiko wa wanawake waandishi na kuwaambia waandike nyimbo za mila zao anafungua mlango uleule. Hatari ni kwamba mkusanyiko wa utunzi utageuka kuwa mkusanyiko wa ukusanyaji: wanawake wanaleta, mwingine anaondoka nazo.

4.0 Nguzo Mama: Kisa cha Mkusanyiko Ulioshindwa

Tamthiliya ya Penina Muhando, Nguzo Mama (1982), ni matini ya Kiswahili inayolikabili suala la mikusanyiko ya wanawake bila kulipamba. Katika kijiji cha Patata, wanawake wanajaribu kuisimamisha nguzo. Majina yao ni Bi Moja, Bi Pili, Bi Tatu, hadi Bi Nane. Kazi inaanza, inakatizwa, inaanza tena. Riziki, waume, misiba na ugomvi vinawavuta huku na huku. Nguzo haisimami. Pembeni yupo Chizi, ambaye anaona mengi na hachukuliwi kuwa na akili timamu.

Usomaji uliozoeleka unaliona anguko hilo kuwa matokeo ya mambo mawili: ukandamizaji wa wanaume na ukosefu wa umoja miongoni mwa wanawake wenyewe. Usomaji huo una mashiko. Hata hivyo, unaacha jambo moja lililo wazi mbele ya macho ya mtazamaji, nalo ni majina. Wanawake wa Patata wanaitwa kwa nambari. Hayo si majina ya mtu aliyezaliwa, akachezwa, akaolewa na akaitwa mama wa fulani. Ni majina ya orodha ya mahudhurio. Mwandishi ameufanya mkusanyiko wao uonekane kama unavyoonekana katika daftari la mratibu: idadi imetimia, watu hawajulikani.

Jambo la pili ni nguzo yenyewe. Wanawake hawaonekani wakichagua mti, wakiukata au wakiuchonga. Wajibu wao ni kuisimamisha. Wameitwa kwenye kazi ambayo umbo lake limekwisha kuamuliwa, na jina lake limekwisha kuandikwa. Katika hali hiyo kila haja ya binafsi inakuwa usumbufu. Anayekimbilia biashara yake anaonekana msaliti, na aliyefiwa anaonekana amechelewesha kazi. Katika ngoma, kinyume chake, haja ya binafsi ndiyo malighafi. Mwenye uchungu wa ukewenza analeta ubeti wa ukewenza, na wenzake wanamjibu. Mkusanyiko haumtaki aache msiba wake mlangoni. Unamtaka auingize ndani.

Kwa usomaji huu, Nguzo Mama inaonyesha namna umbo baya la mkusanyiko linavyozalisha utengano, kisha likaulaumu. Kwa kuwa Muhando alikuwa msomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mmoja wa waasisi wa sanaa za maonyesho ya jamii nchini, tamthiliya hii inaweza pia kusomwa kama onyo la ndani ya taaluma yake mwenyewe. Mwelekeo wa kazi yake ya baadaye unaunga mkono usomaji huo. Katika mradi wa Tuseme ulioanza mwaka 1996, ambao Muhando na Amandina Lihamba walihusika kuuasisi, wasichana wa sekondari walianza kwa kutaja matatizo yao wenyewe, kisha wakayajengea igizo. Nguzo haikuletwa ikiwa imechongwa. Jina la mradi ni kitenzi cha nafsi ya kwanza wingi, na si nomino inayosubiri kuinuliwa.

5.0 Siti binti Saad na Swali la Nani Mwandishi

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii linatabirika. Litasema kwamba ngoma ni fasihi simulizi, na mwandishi ni mtu anayeketi peke yake na kuandika. Riwaya kama Shida (1975) ya Ndyanao Balisidya au Mali ya Maskini (1981) ya Zainab Burhani hazikutoka katika mduara wa ngoma. Zilihitaji upweke, meza na muda.

Pingamizi hilo lina nusu ya ukweli. Mwandiko unahitaji upweke, lakini mwandishi hazaliwi na upweke. Nyuma ya meza ya msomi kuna darasa, maktaba, wenzake wa kujadiliana nao na mhariri anayejua jina lake. Chuo kikuu ni mkusanyiko ambao umekuwa wa kawaida mno kiasi kwamba hauonekani tena kuwa mkusanyiko. Mwanamke wa Kwamkono au Magoma anapoambiwa aandike peke yake, anaambiwa afanye jambo ambalo msomi wa mjini hajawahi kulifanya.

Historia ya Siti binti Saad inalifanya suala hili kuwa gumu zaidi. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, hakujua kusoma wala kuandika, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo katika sahani za santuri. Nyimbo hizo hazikuwa zao la kichwa kimoja. Laura Fair (2001) ameeleza jinsi Siti na wenzake walivyokutana, wakapokea habari za mitaani na mahakamani, wakazigeuza kuwa nyimbo. Wimbo wa Kijiti, unaohusu kuuawa kwa mwanamke mgeni na jinsi haki ilivyopotoka baadaye, ulihifadhi mashtaka ambayo mahakama haikuyatendea haki. Mkusanyiko ulifanya kazi ya mwandishi.

Aliyeandika wasifu wa Siti ni Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga. Tendo hilo ni la heshima kubwa. Mwandishi aliyekuwa kileleni alimhesabu mwanamke asiyejua kusoma kuwa anastahili kitabu. Lakini tendo hilohilo linaonyesha mpaka: Siti aliingia katika fasihi andishi akiwa anaandikwa. Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kililipa jarida lake jina la Sauti ya Siti. Kwa uchaguzi huo wa jina, wanawake wenye kalamu walikiri kwamba asili yao si shule peke yake. Swali lililobaki ni kama kukiri huko kunaweza kushuka kutoka katika jina la jarida hadi katika namna watu wanavyokusanywa wilayani.

6.0 Upatu kama Mfano wa Uratibu

Neno upatu lina maana mbili katika Kiswahili. Ni sahani ya madini inayopigwa katika ngoma ili kutoa mlio, na ni mchezo wa kuchangishana ambamo wanachama hutoa sehemu sawa na kila mmoja hupokea jumla kwa zamu. Haihitajiki kuthibitisha kwamba maana moja imetoka kwa nyingine ili kuona kinachoziunganisha katika maisha ya wanawake: zote ni shughuli za mduara, na zote hazifanyiki na mtu mmoja. Upatu wa fedha unajulikana kwa wanawake wengi wa Handeni na Korogwe kuliko warsha yoyote. Kanuni zake zinaweza kuhamishiwa katika utunzi.

Kanuni ya kwanza ni zamu. Katika warsha, mwezeshaji hutoa na washiriki hupokea. Katika upatu, kila mtu hutoa kila mara na hupokea mara moja. Mkusanyiko wa waandishi kumi ungekuwa na vikao kumi, na katika kila kikao kazi ya mmoja ndiyo inayosomwa au kuimbwa, na wengine tisa wanamchangia masikio, maswali na masahihisho. Anayejua kuandika anamwandikia asiyejua, na andiko linabaki mikononi mwa mwenye zamu. Hapa nambari si jina kama Patata. Ni siku ya mtu.

Kanuni ya pili ni msimu. Handeni ina sifa ya uhaba wa maji. Mradi wa maji unaojulikana kwa kifupi HTM huchota maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma hadi Handeni, na ukatikapo, saa za wanawake hukatika nao. Mvua za vuli na masika huamua lini jembe haliwezi kusubiri. Kalenda ya mkusanyiko inayoandikwa bila kuzingatia hayo itawapata wale tu ambao maisha yao hayategemei shamba wala ndoo, na kisha kuwahesabu kuwa ndio wanawake waandishi wa wilaya. Mila zilikuwa na busara zaidi: ngoma kubwa zilingoja mavuno.

Kanuni ya tatu ni mlango. Upatu hauna wanachama wasiojulikana, na siri za upatu hubaki ndani. Mkusanyiko wa waandishi unapaswa kuwa na haki ya kuamua ni maneno yapi yanabaki ndani, yapi yanasomwa mbele ya wanawake wengine, na yapi yanakwenda kwa mchapishaji. Ngazi hizo tatu zinalinda kisazi kisigeuzwe bidhaa, na wakati huohuo hazimzuii mtunzi kuchota humo mbinu ya fumbo, ya kiitikio au ya umbo la udongo kwa ajili ya kazi mpya. Mbinu si siri. Siri ni maneno ya mila na wenye haki ya kuyasikia.

Kanuni hii inagusa sheria pia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi anayetambulika na inazitambua pia sanaa za jadi za jamii. Wimbo uliotungwa na wanawake kumi walio hai katika vikao kumi una hatari ya kuangukia katikati: si wa mtu mmoja, na si wa jadi. Ukichukuliwa kuwa wa jadi, majina ya watunzi yanapotea. Ukiandikishwa kwa jina la mmoja, tisa wanapotea. Kwa hiyo kumbukumbu ya kikao, yenye majina na tarehe, si ukarani mtupu. Ni ushahidi wa utunzi.

Kanuni ya nne ni lugha. Jarida, tuzo na mchapishaji vinadai Kiswahili sanifu. Mduara wa Handeni utafikiri kwa Kizigua mara nyingi, na wa vitongoji vya Korogwe kwa Kisambaa au Kibondei pia. Kukataza lugha hizo kikaoni ni kuondoa udongo na kutaka chungu. Kikao kiendeshwe kwa lugha inayokuja, kisha uamuzi wa kuhamishia katika Kiswahili ufanywe na mtunzi, pamoja na uamuzi wa kuliacha neno la Kizigua mahali pake pale ambapo Kiswahili hakina neno linalobeba uzito uleule. Kiswahili kilichotajirishwa na lugha za pwani kinaweza kutajirishwa na Handeni.

Kanuni ya tano ni daraja la kutokea. Habari za Wakilindi zisingesomwa leo bila mtambo wa Magila. Tuzo za sasa, kama Tuzo ya Safal-Cornell, iliyojulikana awali kama Mabati-Cornell, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, hupokea mswada uliokamilika na haziulizi umetokea katika mduara gani. Mkusanyiko usiofikisha mswada popote unabaki kuwa faraja. Chuo cha Ualimu na shule ya sekondari ya wasichana zilizopo Korogwe zinaweza kutoa kile ambacho misheni ilikitoa kwa wanaume wa zamani: karatasi, chombo cha kuchapia, na msomaji wa kwanza aliyefunzwa. Sharti ni kwamba taasisi hizo ziwe daraja na zisiwe mlango.

Pingamizi la mwisho linastahili kusikilizwa. Mduara unaweza kukandamiza. Kungwi husahihisha, lakini pia hufunga mdomo. Mila inayomfunza binti heshima ndiyo inayoweza kumwambia asiyaseme ya ndoa yake. Mwanamke anayetaka kuandika dhidi ya kisazi, au dhidi ya wanawake wenzake, atapata wapi nafasi katika upatu? Jibu limo katika kanuni ya zamu. Siku ya mtu ni yake. Wenzake wanaweza kumpinga, lakini hawawezi kumnyang'anya kikao, kama ambavyo hakuna anayeweza kuizuia fedha ya upatu kwa sababu hapendi itakavyotumika. Ulinzi huo hauondoi shinikizo lote, na mratibu anayedai vinginevyo anajidanganya. Lakini ni ulinzi mkubwa kuliko ule wa semina, ambamo kauli ya mwisho ni ya aliyegharimia posho.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamedai kwamba suala la wanawake waandishi Handeni na Korogwe si la upungufu wa kipaji wala la kutojua kukusanyika. Eneo hili lilizaa mojawapo ya nathari za mwanzo za Kiswahili kwa sababu ukumbi wa wanaume uliunganishwa na chapa. Ukumbi wa wanawake ulibaki na wimbo, udongo na fumbo, na nguvu yake ikaonekana katika lugha iliyovuka hadi Mto Juba na kurudi. Nguzo Mama imeonyesha kinachotokea pale wanawake wanapoitwa kuinua kitu ambacho hawakukichonga, nayo historia ya Siti binti Saad imeonyesha kwamba mduara unaweza kuwa mtunzi.

Kinachofuata kwa uhakiki wa Kiswahili ni kubadili kipimo. Idadi ya walioandikishwa katika daftari la mahudhurio haitoshi kuwa ushahidi wa mafanikio, na idadi ya nyimbo zilizokusanywa inaweza kuwa ushahidi wa hasara. Kipimo kinachofaa ni iwapo kila aliyeingia alipata siku yake, iwapo alitoka na andiko lililo mikononi mwake, na iwapo yeye ndiye aliyeamua lisomwe na nani.